Nimeenda fainali ya mabinti wa chuo Marekani, sasa niambieni wa kwetu Kigoma wanacheza lini

Mwakeye ndugu zangu! Mwakeye Ujiji, Mwanga, Gungu, Katubuka, Kibirizi, na nyie wa Kasulu na Kibondo mnaosemaga kila siku nawasahau, leo nimewataja mapema kabisa, sitaki kesi kwenye komenti.

Leo sipiki wala siwapeleki supamaketi, leo ni mpira tu, tena mpira wa kina dada, kwa hiyo wewe kaka ulieanza kutafuta pa kuruka mbele tulia kwanza, bando lenyewe umeshalinunua.

Iko hivi. Jumatatu tarehe 9 Desemba 2024, nyie mmeshamaliza Uhuru mmelala zenu usiku wa manane, huku ilikuwa jioni na mimi niko uwanjani hapa Cary, North Carolina, WakeMed Soccer Park, nimevaa makoti kama mtu anaeenda Makete, naangalia fainali ya taifa ya wanawake wa vyuo vikuu. Wanafunzi jamani! Mabinti wenye mitihani na asaimenti kama hao wa kwenu. University of North Carolina, hawa majirani zetu wa Chapel Hill, jezi zao samawati, na Wake Forest ambao nao ni wa jimbo hilihili, wao nyeusi na dhahabu. Dabi kabisa. Watu wamekuja na babu zao, na watoto, na mablanketi, kuna mama mmoja mbele yangu alikuwa anapiga kelele mpaka mume wake akasogea siti.

Mpira umeisha 1-0, Carolina bingwa. Goli la Olivia Thomas, kipindi cha pili, na limetokana na kona.

Sasa mtu wa Kigoma ukimwambia fainali, moja bila, kona, anakumbuka nini? Haya semeni! Tarehe 25 Julai 2021, pale pale uwanja wa Lake Tanganyika, kombe la shirikisho, Simba na Yanga, kona ya Miquissone, kichwa cha Taddeo Lwanga, mji mzima haukulala. Wa Yanga samahanini, najua bado inauma, ila historia ni historia na imefanyikia kwetu.

Basi turudi huku. Kwanza saa. Saa ya uwanjani inahesabu kurudi nyuma bana! Inaanzia 45 inashuka mpaka sifuri, na ikiingia goli refa anaisimamisha, kadi inasimama, mtu kaumia inasimama, kwa hiyo zile dakika za nyongeza za kubishania hazipo, na kipa wa kujilaza chini ameshika tumbo anajisumbua bure kwa sababu saa nayo imelala inamsubiri yeye. Sekunde kumi za mwisho mtangazaji anazihesabu kwenye spika na uwanja mzima unaitikia, kumi, tisa, nane, mpira uko hewani, sifuri, honi, kwisha. Mi hiyo nimeipenda kuliko kitu chochote, waje waiweke kwenye ligi yetu tuone timu fulani zitashindaje.

Nisichokipenda ni sabu. Yaani kocha anabadilisha wachezaji anavyotaka, wanaingia kundi zima, aliyetoka kipindi cha kwanza harudi mpaka cha pili, na kipindi cha pili ukitoka unaruhusiwa kurudi mara moja. Kwa hiyo mabinti wanakimbia kama wamefukuzwa, wakichoka wanaletwa wengine wana pumzi mpya. Kwa mtazamaji inakata utamu, ila nilivyokaa nikafikiria nikaona kumbe ndio maana hata binti wa benchi huku anapata dakika, hasafiri na timu kubeba maji tu. Halafu pasi ya goli wanaweza kuandikiwa watu wawili kwa goli moja, hiyo nimecheka.

Timu yenyewe ina stori. Huyu Anson Dorrance ameifundisha timu ya wanawake ya Carolina tangu 1979, ndie alieipa Marekani kombe la dunia la wanawake la kwanza kabisa mwaka 1991, makombe ya taifa ya vyuo ya NCAA amechukua 21, mikononi mwake kapita nyota Mia Hamm, na nyie wa Arsenal, Alessia Russo wenu huyo alisoma hapahapa Chapel Hill. Sasa mzee mwezi wa nane 2024, siku chache tu kabla ligi haijaanza, akatangaza anastaafu. Siku chache! Ingekuwa kwetu hapo wangeundwa kamati tatu na vocha ya mafuta. Wao wakamkabidhi msaidizi wake, Damon Nahas, kama kaimu, wakaendelea na ratiba. Na kombe hawakuwa wamelishika tangu 2012, mzee mwenyewe miaka yake ya mwisho liligoma. Kaimu kalileta msimu wake wa kwanza, la 22.

Na sio kwamba walikuwa wanashinda tu. Chuo cha Duke waliwafunga ndani ya msimu huohuo, halafu Ijumaa kwenye nusu fainali wakakutana nao tena, Carolina akamtandika 3-0. Wake Forest nae akamtoa Stanford. Timu zote nne za nusu fainali zinatoka ligi moja, ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki, ingawa Stanford wako California upande wa Pasifiki huko, msiniulize, mambo ya hela za televisheni.

Ila nilichotaka kuwaambia leo sio kombe. Ni ratiba.

Msimu wao unaanza mwezi wa nane unaisha Desemba mwanzoni. Wiki za ligi zinapopamba moto ni Alhamisi na Jumapili, Alhamisi na Jumapili, na kabla msimu haujaanza ratiba yote iko wazi, uwanja gani saa ngapi, hata mimi wa shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee nilikuwa nabadilishana zamu kwa kuiangalia. Wakimaliza ligi wanacheza kombe la ligi yao, halafu zinachaguliwa timu 64 za nchi nzima, mtoano, ukitaka kombe ushinde mechi sita mfululizo. Piga hesabu zako, timu iliyofika fainali imecheza mechi zaidi ya 20 kwa miezi isiyozidi minne, na hao ni watoto wa shule.

Nikarekodi kipande kile cha kuhesabu sekunde nikamtumia binti wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu Ujiji, beki wa kulia, ana roho mbaya uwanjani mpaka raha. Asubuhi kaniletea voisi. Nikajua ataulizia taa, au nyasi, au viatu, maana njumu zake ni za kuazima, namba kubwa, anajazia gazeti mbele kwenye vidole ndio zimkae. Wala. Kaniuliza, "Shangazi, hao wanachezaga kila wiki?"

Nikamjibu ndio mwanangu, kila wiki, wengine mara mbili.

Akakaa kimya kidogo akasema yeye mara ya mwisho kucheza mechi ya kweli, yenye refa, ni UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari. UMISSETA mwezi wa sita! Shule ilikusanya timu muda mfupi kabla ya mashindano, wakafanya mazoezi ya haraka haraka, wakaenda, wakatolewa, jezi zikarudi stoo zikafungiwa. Toka hapo anacheza na kaka zake chini ya miembe, wakijisikia kumpa pasi. Na huyo ndie tunataka akue awe Opah Clement, yule mshambuliaji wa Twiga Stars.

Mnaona sasa. Watu wanasema wenzetu wana hela, wana viwanja, ni kweli wanazo sikatai. Lakini hata hapa haikuwa hivi. Mwaka 1972 ndio ilipitishwa sheria kwamba shule na chuo kinachopokea hela ya serikali kuu hakiruhusiwi kumbagua mtu kwa jinsia yake, na michezo ikaingia humo humo. Kombe hili lilivyoanza mwaka 1982 zilikuwa timu 12 tu nchi nzima, leo daraja la kwanza peke yake lina timu zaidi ya 300. Kilichokuja kwanza ni mechi, viwanja vya taa vimefuata baadae.

Na vipaji msinidanganye kwamba hatuna, Serengeti Girls mwaka 2022 kule India kwenye kombe la dunia la chini ya miaka 17 walimfunga Ufaransa 2-1 wakafika robo fainali. Ufaransa! Na Kigoma yetu tulishakuwa na Sisterz ligi kuu ya wanawake, mnawakumbuka au mnajifanya hamjui? Aisha Masaka katoka Tanzania hiihii kaenda Sweden, BK Häcken, halafu 2024 akachukuliwa na Brighton ya Uingereza. Damu ipo. Mechi ndio hamna.

Haya, swali ambalo najua liko inboksi hata kabla sijaposti: dada, binti yangu anafikaje huko. Sikilizeni vizuri kwa sababu hapa ndipo watu wanapigwa hela. Vyuo vya huku vinachukua wachezaji wa nje, wengi tu, kuna skolashipu, ingawa mara nyingi wanaigawanya vipande vipande kati ya wachezaji, mwingine analipiwa yote mwingine nusu. Kitu cha kwanza ni shule. Matokeo ya sekondari yanakaguliwa, Kiingereza kinapimwa, ukiwa na miguu ya dhahabu na matokeo mabovu unabaki Kigoma. Cha pili, kocha anataka vidio, na sio vidio ya kupiga danadana uani kuku wanapita, anataka kukuona kwenye mechi, ukipoteza mpira unafanyaje, ukifungwa unafanyaje. Sasa turudi palepale, vidio ya mechi utaitoa wapi kama mechi huchezi? Na yeyote anaekwambia tuma laki tano nikuunganishe na kocha, huyo ni tapeli, mblok usiku huohuo. Makocha wa vyuo wana barua pepe zao kwenye kurasa za timu, mtoto anaandika mwenyewe.

Kwa hiyo mimi nina wazo na nataka mlichambue mnavyojua. Timu nne za mabinti, Ujiji, Gungu, Mwanga, Kibirizi. Nyumbani na ugenini. Hiyo ni mechi 12 jumla, kila timu inacheza sita, ukiweka mechi mbili kila wikiendi wiki sita umemaliza. Hatuhitaji Lake Tanganyika, Mashujaa FC waachieni uwanja wao, viwanja vya shule vipo. Zisichezwe saa kumi jioni, saa kumi jioni mtoto wa kike anatafutwa na nyumba nzima, maji, mboga, mdogo wake mgongoni, mnamtegea atolewe timu. Jumamosi saa tatu asubuhi, jua halijawa kali, na mama zao waalikwe waje wakae pembeni waone, mzazi akishaona mwanae anashangiliwa na watu wazima kesho yake anamuamsha mwenyewe.

Na lile la hijabu, najua mtaa wetu, lisiwe kisingizio. FIFA wameruhusu kufunika kichwa uwanjani tangu 2014, avae hijabu yake na taiti ndefu chini ya bukta acheze, beki wangu mimi anacheza hivyohivyo na hakuna winga anaempita.

Hela. Sisi wana Kigoma tuliopo huku tuna grupu, msiba ukitokea tunachanga, harusi tunachanga, kuna sendoff tulichangia mpaka leo simjui bibi harusi. Nauli ya refa na mipira na maji haitushindi. Nimeshawagusia wenzangu wawili watatu, mmoja kakubali, mmoja kasema ataangalia, mnajua maana ya ataangalia. Ila hatutumi hela kwa mtu mmoja mwenye maneno mazuri, hapana, tumeshaumwa. Nataka mwalimu wa michezo au kocha ambae tayari ana mabinti wanafanya mazoezi, hata kama ni nane, aniandikie hapo chini yuko mtaa gani na wanafanyia wapi, na mama mmoja wa mtaa huohuo amthibitishe.

Ratiba itoke kabla shule hazijafunguliwa Januari, ikiwa na tarehe na saa, ibandikwe sokoni Mwanga na pale mwalo wa Kibirizi ambapo kila mtu anapita, na ikiandikwa Jumamosi saa tatu refa awe ameshafika saa mbili na nusu. Mvua ikinyesha tunajua lini inarudiwa, sio tutatangaziana.

Mi nawahi shifti sasa, kuna bibi yangu mmoja kule kazini ni shabiki wa Duke na hajanisemesha toka Ijumaa. Komenti nazisoma zote, za Gungu nazisoma kwanza kwa sababu mlisema mna timu, leteni picha basi.