Jinsi ya Kuonyesha Matukio Mawili kwa Wakati Mmoja katika Lugha ya Alama ya Marekani

Karibu, mtazamaji. Kiswahili kinaposema "alisimama huku gari likipita", neno "huku" na kiambishi "-ki-" ndivyo vinavyotujulisha kwamba mambo hayo yalikwenda pamoja, ingawa sikio limeyapokea moja baada ya jingine. Katika lugha za alama, mikono miwili huweza kuyabeba yote mawili papo hapo. Leo tutatumia maumbo ya mikono ya Lugha ya Alama ya Marekani. Lugha ya Alama ya Kenya na ile ya Tanzania ni lugha nyingine, na maumbo yake hujifunzwa kwa Viziwi wanaozitumia.

Kwanza toa alama ya mtu, kisha ya gari, kwa sababu umbo la mkono peke yake halitoshi kumtambulisha mhusika. Ikiwa unatumia zaidi mkono wa kulia, inua wa kushoto na usimamishe kidole cha shahada: huyo ndiye mtu. Kwa mkono wa kulia, nyoosha kidole gumba, cha shahada na cha kati, huku kidole gumba kikiwa juu: hilo ndilo gari. Lipitishe mbele ya mtu. Mkono wa kushoto usiushushe hata kidogo, kwani ukiushusha mapema anayekutazama atampoteza mtu na kubaki na gari tu.

Ugumu hasa huanza mtu naye anapotembea. Mwaka 1978 mwanaisimu Robbin Battison alieleza kwamba katika alama za kawaida za Lugha ya Alama ya Marekani, mikono yote miwili ikisogea huwa na umbo moja, na maumbo yakitofautiana mkono mmoja hutulia. Hapa unavuka mpaka huo, ndiyo maana mkono mmoja wa mwanafunzi huvutwa kuuiga mwenzake. Zoeza kila mkono peke yake, polepole, mpaka usihitaji kuutazama, ndipo uiunganishe.

Sasa ingiza uso. Shika usukani kana kwamba unaendesha, fumba midomo na kuitokeza kidogo: umeeleza kwamba dereva anakwenda kwa raha, bila kuongeza alama yoyote.

Malizia kwa zoezi hili: mama amempakata mtoto huku akikoroga uji. Mkono wa kushoto umpakate, wa kulia ukoroge, na macho yamwelekee mtoto, si sufuria.