Binti Akisema Hapana, Mwandishi Asikie

Asanteni, kaeni. Wengi wenu mmeshanisikia nikililalamikia jambo hili, na leo nalilalamikia tena, kwa sababu miswada ya filamu mnayoniletea ni ile ile. Kijana anamtaka binti, binti anakataa, kijana anamfuata kazini, anamfuata nyumbani, anamfuata mpaka kanisani, na ukurasa wa mwisho wanakumbatiana. Jamani! Nani katufundisha hivi?

Chukueni The Notebook, filamu ya Marekani ya mwaka 2004. Najua mnaipenda, na wengine iliwaliza. Noah anamwona Allie kwenye viwanja vya michezo, anamwomba wacheze muziki pamoja, binti hataki. Baadaye Allie anapanda lile bembea kubwa la mviringo akiwa na mwanaume mwingine. Noah anaukwea mtambo mpaka juu na kujipenyeza katikati yao. Mwendesha bembea anafoka: kiti ni cha watu wawili! Basi Noah anadaka chuma, ananing'inia, miguu inaelea hewani, na hapo ndipo anaomba tena. Binti anakataa. Noah anaachia mkono mmoja.

Na binti anakubali. Anakubali kwa sababu mtu yuko karibu kufa mbele ya macho yake! Halafu Allie anajilipizia kwa kumshusha suruali kule kule juu, watazamaji wanacheka, na tishio lote linasahaulika.

Sasa niambieni. Kijana akipanda nguzo ya umeme pale Manzese, akapiga kelele kwamba binti wa jirani asipomkubali atajirusha, mtafanya nini? Mtamwita mjumbe, mtaita polisi, na mama wa binti atamfungia mwanawe ndani. Hakuna atakayesema huyu ndiye mkwe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba filamu ile tayari ilikuwa na kizuizi. Noah ni maskini, Allie ametoka kwenye nyumba yenye mali, na mama mtu anazificha barua 365, moja kwa kila siku ya mwaka mzima. Mwandishi gani anakosa filamu hapo? Kujining'iniza kulikuwa kwa kazi gani?

Filamu ya mapenzi lazima iwacheleweshe wapenzi, la sivyo inaisha dakika ya kumi. Zamani kilichowachelewesha kilitoka nje yao: mzazi, dini, tabaka, vita. Mimi naamini waandishi wengi walipoona vijana wa kwao wanajichagulia wenyewe, wakakosa ukuta, wakamfanya binti mwenyewe kuwa ukuta. Hapana yake ikawa kitu cha kubomolewa.

Tazameni Dilwale Dulhania Le Jayenge, filamu ya Kihindi ya mwaka 1995, ya Shah Rukh Khan na Kajol. Ukumbi mmoja wa sinema Mumbai, Maratha Mandir, uliendelea kuionyesha kwa zaidi ya miaka 20. Simran anampenda Raj. Ukuta ni baba, aliyekwisha kumwahidi binti yake kwa mtoto wa rafiki yake kule Punjab. Mama anawaambia watoroke, Raj anagoma, anataka akabidhiwe mke na baba mtu. Mwisho wake mnaujua: stesheni, treni inaondoka, baba kaukamata mkono wa binti, kisha anauachia. Roho zinakaa juu, na ndiyo ya Simran hakuna aliyemlazimisha kuitoa.

Nawasikia: "Mwalimu, mbona Raj huyo huyo alimsumbua Simran kule Ulaya?" Kweli, alimsumbua, na sehemu hiyo siitetei. Lakini ikateni, na filamu bado inasimama, kwa sababu inayoibeba ni ile stesheni.

Kuna wa kuniambia mvumilivu hula mbivu. Mvumilivu hasimami mlangoni kwa watu saa nne usiku baada ya kuambiwa aende! Anayefanya hivyo ni mng'ang'anizi.

Na kuna wa kusema watu wanajua hiyo ni filamu tu. Haya. Hapa Dar kijana anayeposa leo anapiga goti moja na kisanduku cha pete mkononi. Kajifunzia wapi? Babu yake alituma mshenga. Kama goti limetoka kwenye skrini likatufikia sebuleni, ung'ang'anizi nao utashindwaje?

Nilitaka kuzungumzia yule rafiki wa binti ambaye hana kazi wala mchumba wake mwenyewe, yupo kusikiliza tu, na zile mbio za uwanja wa ndege ambazo askari wa ukaguzi hamzuii mtu. Muda umekwisha, niulizeni nje.

Mswada wa wiki ijayo: binti aseme hapana ukurasa wa 10, kijana aende zake, na filamu iendelee. Atakayemrudisha kijana na maua ukurasa wa 11, nitamrudishia mswada wake hapo hapo.