Kipindi cha 38: Kondakta Tena

ZUHURA: Tunarekodi? Haya. Mkisikia sauti imekwaruza ni kwamba sijalala siku mbili, na Baraka anajua, nilimtumia grafu saa nane usiku.

BARAKA: Ile ilikuwa grafu? Mi nikajua umekalia kibodi.

ZUHURA: Ndo hivyo sasa! Chukua kurva ya eliptiki, yaani mchoro wa mlinganyo wenye y² huku na x³ kule, hata ile rahisi y² = x³ − x, halafu chukua namba tasa, tuseme 5, uhesabu kama saa, ukifika 5 unarudi sifuri. Nukta, yaani jozi za x na y zinazokubali mlinganyo, zinatoka 7, ongeza ile moja ya kule kusiko na mwisho, 8. Kwa kawaida ungetarajia 6, tano na moja, kwa hiyo 6 toa 8 unabaki na −2, hiyo ndo a ya 5. Mi nikachukua maelfu ya kurva, za ranki 0 huku, za ranki 1 kule, nikapiga wastani wa hizo a kwa kila namba tasa. Ikatoka vurugu tupu.

BARAKA: Watu wakumbushwe ranki basi.

ZUHURA: Ranki 0, nukta za namba wiano, yaani namba nzima na sehemu zake, zinahesabika zikaisha. Ranki 1, kuna nukta moja inazaa zingine bila kikomo. Kosa langu ni kwamba nilizipanga kurva kwa ukubwa wa namba zilizomo kwenye mlinganyo, kumbe zinatakiwa kupangwa kwa kondakta.

BARAKA: Kondakta.

ZUHURA: Usianze.

BARAKA: Sijasema kitu, naulizia nauli tu.

ZUHURA: Kondakta ni namba inayokwambia kurva inaharibikia kwenye namba tasa zipi, na vibaya kiasi gani.

BARAKA: Si ndo kondakta kabisa huyo! Anajua gari linaharibikia wapi. Ya kwanza ni namba ngapi?

ZUHURA: 11. Chini ya hapo hakuna kurva.

BARAKA: Gari namba 11, ranki 0, abiria wanahesabika. Ranki 1?

ZUHURA: 37. Ranki 2 unasubiri mpaka 389, ranki 3 mpaka 5077.

BARAKA: Aisee, kituoni utazeeka!

ZUHURA: (anacheka) Nisikilize. Nikachukua kondakta 7500 mpaka 10,000...

BARAKA: Wote hao na gari moja?

ZUHURA: ...na grafu ikawa mawimbi! Ranki 0 inapanda, ranki 1 inashuka, zinapishana, kama kundi la kwezi likigeuka angani. Na ndo jina lake kwa Kiingereza, murmuration, jina la kundi la hao ndege. Ilionekana 2022, na aliyechora hizo wastani ni Alexey Pozdnyakov, alikuwa bado digrii ya kwanza, akiwa na He, Lee na Oliver. Data ilikuwepo miaka yote, hakuna aliyepiga wastani! Mwaka uliofuata Nina Zubrilina akathibitisha mawimbi ya namna hiyo kwa fomu za modula, zile funksheni zenye ulinganifu mwingi zinazohusiana na kurva hizi.

BARAKA: Mi ndo maana nasema data ikipangwa vizuri inasema kweli. Na inasema ranki zina mwisho.

ZUHURA: Hapo hapana. 2006 mwanahisabati Elkies alipata kurva ya ranki 28 au zaidi, 2024 yeye na Klagsbrun wakafika 29. Mwisho uko wapi?

BARAKA: Miaka 18 kupanda ngazi moja, dada! Na wanahisabati Park, Poonen, Voight na Wood wana modeli inayosema zenye ranki zaidi ya 21 zipo chache, zinahesabika.

ZUHURA: Modeli siyo uthibitisho.

BARAKA: Na kurva moja siyo takwimu.

ZUHURA: Moja inatosha kuvunja kikomo.

BARAKA: Kikomo kipi umevunja? Wenyewe walishasema hizo chache zitakuwepo.

ZUHURA: Basi modeli haikosei hata nikileta ya 40, si ndiyo? Raha sana hiyo.

BARAKA: Ilete kwanza.

(kimya)

ZUHURA: Tumebakiza dakika ngapi?

BARAKA: Mbili. Na ulikuwa na mafunzo matatu hapo kwenye karatasi.

ZUHURA: La kwanza lilikuwa wanahisabati Bhargava na Shankar, wastani wa ranki za kurva zote wamethibitisha uko chini ya 1, wengi wanategemea nusu. La pili... ah, basi, tumemaliza muda kwa kondakta wako.

BARAKA: Wako wewe, mi nilipanda tu.

ZUHURA: Na 21 sijaikubali.

BARAKA: Mbona hata sijakuuliza. Zima hiyo.