Karatasi Isiyo na Jina: Georgia Ilivyofunga Soko la Nafasi za Chuo

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, wakubwa wote shikamooni. Na nyinyi vijana wa kidato cha sita mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, hamjambo.

Nitaanza na mkasi. Aliyewahi kusimamia mtihani wa taifa anaujua. Watahiniwa wamekaa, msimamizi anainua bahasha juu kila mtu aione, kisha anawaita wawili waje mbele kuikagua. Wanaigeuza upande huu na huu, wanapitisha kidole kwenye mshono. Wakiridhika kwamba haijaguswa, ndipo mkasi unapita. Nimesimamia mitihani kwa miaka mingi na dakika ile bado hunisisimua mwili. Watoto wawili wa miaka kumi na nane, hawana cheo chochote, ndio mashahidi wa nchi nzima. Wao wameiona bahasha, na wenzao wamewaona wakiiona.

Leo nataka niwasimulie nchi iliyochukua jambo hilo dogo la kuonwa ikajengea mtihani wake wote. Ni Georgia. Sisemi jimbo la Marekani. Nasema nchi ndogo ya milima ya Kaukasi, mji wake mkuu Tbilisi, iliyokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti hadi 1991.

Kabla ya 2005, chuo kikuu cha kule kilijifanyia mtihani chenyewe, na kila kitivo kilikuwa na kamati yake ya udahili. Mhadhiri wa sheria ndiye aliyetunga maswali ya wanaotaka kusoma sheria, ndiye aliyesahihisha, na mara nyingi mtihani ulikuwa wa mdomo, uso kwa uso, anayeuliza anamjua anayejibu ni mtoto wa nani. Jioni mhadhiri huyohuyo alifundisha tuisheni nyumbani kwake kwa malipo. Mwezi Julai wanafunzi wake wa tuisheni walikuja kukaa mbele yake kwenye chumba cha mtihani. Niambieni, hapo ada ya tuisheni inaishia wapi na rushwa inaanzia wapi? Wazazi hawakuulizana. Walijua kitivo kipi kina bei gani, na kwa sheria au udaktari bei ilikuwa maelfu ya dola, katika nchi ambayo mshahara wa mhadhiri haukumfikisha mwisho wa mwezi. Njaa ya wahadhiri wale naielewa. Lakini mtoto wa mkulima wa zabibu, mwenye akili na asiye na mjomba Tbilisi, alikuwa anafelishwa kabla hajashika kalamu, na hilo siwezi kulielewa hata nikijitahidi.

Novemba 2003 wananchi waliingia barabarani, rais akajiuzulu. Serikali mpya ilikuja na haraka ya kuonyesha kwamba kweli kuna mabadiliko. Mwaka 2004 ilivunja kikosi kizima cha askari wa usalama barabarani, ikaajiri wapya. Kwenye elimu ilivinyang'anya vyuo mamlaka ya kuchagua wanafunzi, ikayakabidhi kwa kituo cha taifa cha mitihani kilichoanzishwa 2002 na kuongozwa na Maia Miminoshvili. Julai 2005 ukafanyika mtihani wa kwanza wa pamoja kwa kila anayetaka chuo kikuu. Ulikuwa na lugha ya Kigeorgia, lugha ya kigeni, na mtihani wa uwezo wa kufikiri ambao haukuhitaji mtu akariri kitabu cha mwalimu fulani.

Nawaomba walimu msikilize kwa makini namna karatasi yenyewe ilivyotembea.

Ilichapwa Uingereza, mbali na kila mtu mwenye mpwa anayetaka kusoma udaktari. Ilirudi ndani ya mifuko iliyofungwa kwa lakiri, ikasindikizwa na polisi, ikalazwa benki kama fedha. Ndani ya vyumba vya mtihani kulikuwa na kamera, na nje waliweka runinga. Wazazi waliokuwa wakisubiri, badala ya kubaki kunong'ona kwamba mtoto wa mheshimiwa lazima anasomewa majibu, walisimama wakatazama wenyewe. Karatasi ya majibu haikuwa na jina. Ilikuwa na ile mistari ya bakodi mnayoiona kwenye pakiti ya sabuni, basi. Insha zilisahihishwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, na hakuna aliyejua anamsahihisha nani. Msahihishaji angetaka kumsaidia mtoto wa rafiki yake, angempata wapi kwenye rundo lile?

Halafu likaja jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Karatasi zilipigwa picha, na mtahiniwa akaruhusiwa kuiona ya kwake kwenye intaneti, mwandiko wake mwenyewe na alama alizopewa. Asiporidhika anakata rufaa akiwa anajua analalamikia mstari gani.

Siri yote ilikuwa kabla ya mtihani, uwazi wote baada yake. Huo ndio moyo wa mageuzi yale. Na fedha ya serikali haikupelekwa kwenye kitivo, ilimfuata mwanafunzi kulingana na alama zake. Kamati ya udahili ikabaki haina cha kuuza.

Watu husema, basi tuwe na mtihani mmoja wa taifa na rushwa itaisha. Sivyo. Urusi ilifanya mtihani wake wa taifa kuwa wa lazima 2009, lakini watoto wakaufanyia mashuleni, chini ya macho ya walimu na wakuu wa mikoa waliotaka matokeo mazuri. Rushwa ikahama chuoni ikaja shuleni. Nchi ile ina masaa mengi tofauti; Mashariki ya Mbali wakishamaliza, Moscow bado wamelala. Mwaka 2013 majibu yalizagaa mtandaoni. Mwaka uliofuata wakabana kwelikweli, kisha ikabidi alama ya kufaulu somo la Kirusi ishushwe kutoka 36 hadi 24, kwa sababu sasa ndipo uwezo halisi ulipoonekana. Jirani zetu Kenya walipitia aibu kama hiyo. Baada ya uvujaji wa 2015, Waziri Fred Matiang'i alivunja bodi ya baraza la mitihani, na mitihani ikaanza kufungiwa kwenye makontena. Waliopata A kidato cha nne walikuwa zaidi ya 2,600 mwaka 2015. Mwaka 2016 wakawa 141. Nakumbuka walimu wenzangu wakibishana juu ya namba hiyo wiki nzima, wengine wakisema watoto wameonewa.

Sitaki kuwapamba Wageorgia. Tuisheni haikufa kule, ilibadilisha somo tu, na mwenye fedha bado anafika kwenye mtihani akiwa amenolewa zaidi. Na karatasi moja kwa wote iliwaumiza watu wa makabila madogo ya nchi hiyo, Waarmenia wa mkoa wa Javakheti na Waazeri wa mkoa wa Kvemo Kartli, ambao nyumbani na shuleni hawakuwa wakitumia Kigeorgia. Hakuna aliyewadai bahasha ya rushwa, lakini mlango ulikuwa umefungwa vilevile. Ilichukua hadi 2010 kurekebisha: wakaruhusiwa kufanya mtihani wa uwezo peke yake, tena kwa lugha yao, wakatengewa nafasi, kisha mwaka mmoja wa kujifunza Kigeorgia kabla ya shahada. Miaka mitano ni watoto wengi. Kirgizistani, nchi maskini zaidi, ilianza mtihani kama huo 2002, na tangu mwanzo iligawa ufadhili kwa makundi, ili mtoto wa milimani ashindane na wa milimani mwenzake na si na mtoto wa Bishkek, mji mkuu. Walilifikiria mapema, nami nawaheshimu kwa hilo.

Sasa turudi kwetu. Bahasha tunaikagua vizuri, na wale watoto wawili mbele ya darasa ni fahari yetu. Lakini mtahiniwa akishakabidhi karatasi, kwa kawaida haioni tena. Anapata herufi. Amepata D, hajui ni swali lipi lililomwangusha, na jirani anamwambia "wenzako walitoa kitu kidogo." Hata kama ni uongo, atawajibu na nini? Nimekaa na mzazi mmoja aliyelia mbele yangu juu ya herufi hiyo, nikampa maneno ya faraja ambayo mimi mwenyewe sikuwa na uhakika nayo.

Ombi langu kwa wanaosimamia mitihani ni moja, na picha ya karatasi siku hizi si gharama ya kushinda uwezo wa nchi: mtoto aonyeshwe mwandiko wake.

Mwalimu pale dirishani ameinua mkono tangu nilipotaja tuisheni. Karibu, mwalimu, tuanze na wewe.