Saini ya Robert Kennedy: nani abebe lawama ya simu za Martin Luther King

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni wetu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie namna serikali ya Marekani ilivyokuwa ikisikiliza kwa siri simu za viongozi wa haki za kiraia, na hasa swali la nani abebe lawama. Najua wengi mmekuja na jibu mfukoni: J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali ya Marekani. Jibu hilo si la uongo. Ubaya wake ni kwamba linawapitisha watu wengi mlango wa nyuma, na baadhi yao tunawaheshimu hadi leo.

Tuanze na karatasi. Oktoba 7, 1963 FBI ilimpelekea Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Robert Kennedy, mdogo wake Rais John Kennedy, ombi la kusikiliza simu za Martin Luther King. Ilikuwa karatasi moja, sentensi tano. Ukiisoma hukuti ushahidi wowote, ila dai tu kwamba wakomunisti wanajipenyeza katika mapambano ya watu weusi. James Comey, alipokuwa mkurugenzi wa FBI nusu karne baadaye, aliweka nakala yake juu ya meza yake ya kazi iwe onyo kwake mwenyewe. Kennedy aliitia saini Oktoba 10. Na ruhusa yenyewe haikuishia kwenye nyumba aliyokuwa akiishi King mjini Atlanta. Iliandikwa imfuate kwenye anwani yoyote atakayohamia. Siku chache baadaye ikaongezwa ruhusa ya simu za ofisi ya chama chake, SCLC, hapo hapo Atlanta. Hakimu hakuziona karatasi hizo, kwa sababu utaratibu haukumhitaji hakimu.

Wanafunzi wa sheria, hapa tegeni masikio. Mwaka 1934 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyokataza kunasa mawasiliano ya mtu na kuyatangaza, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha mwaka 1937 na tena 1939. Wanasheria wa serikali walifanya nini? Walisema kilichokatazwa ni vitu viwili kwa pamoja, kunasa na kutangaza. Kwa hiyo serikali ikinasa halafu ikanyamaza, haijavunja kitu. Kwa tafsiri hiyo, Mei 21, 1940, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, Rais Franklin Roosevelt alimwandikia Mwanasheria Mkuu wake Robert Jackson kuruhusu usikilizaji wa simu za watu wanaoshukiwa ujasusi, akasisitiza uwe mdogo iwezekanavyo na uwalenge zaidi wageni. Jackson hakutaka kujichafua, akamwachia Hoover shughuli yote. Vita vikaisha mwaka 1945, ruhusa haikuisha. Miaka 23 baada ya waraka wa Roosevelt ikamfikia mchungaji wa Kibaptisti mzaliwa wa Georgia.

Kwa nini King? Alikuwa na mshauri jijini New York aitwaye Stanley Levison, ambaye FBI ilidai alikuwa na uhusiano wa siri na Chama cha Kikomunisti. Simu za Levison zilikuwa zikisikilizwa tangu 1962, kwa idhini ya huyo huyo Robert Kennedy. Juni 22, 1963 Rais John Kennedy alimwalika King Ikulu, akamtoa nje kwenye bustani ya waridi, akamwambia aachane na Levison pamoja na msaidizi wake mwingine, Jack O'Dell. King aliporudi kwa wenzake alitania kwamba labda Rais naye anaogopa kusikilizwa na Hoover. Ulikuwa utani tu, lakini mimi nauchukulia kama ushahidi: mgeni aliona kwamba mwenye nyumba hana amani nyumbani kwake.

Watetezi wa Robert Kennedy wana hoja nzito, na sitaipuuza. Siku tatu tu kabla ya mazungumzo ya bustanini, Rais alikuwa amepeleka bungeni muswada wa haki za kiraia. Kama Hoover angevujisha kwamba King anashauriwa na mkomunisti, wabunge wa majimbo ya Kusini, waliopinga haki za watu weusi, wangeuchinja muswada ule mchana kweupe. King aliahidi kujitenga na Levison, kisha akaendelea kuwasiliana naye kupitia mtu wa kati. Kennedy alijiona amebanwa. Akasaini ili kumnyamazisha Hoover, na pengine alitumaini simu zenyewe zingemsafisha King. Tena alisaini kwa masharti: zoezi liwe la majaribio, litathminiwe baada ya siku 30.

Haya, siku 30. Hesabu iliangukia Novemba. Novemba 22 kaka yake akauawa Dallas. Mtu aliyefiwa namna ile simlaumu kwa kusahau dokezo moja Novemba, wala Desemba. Lakini Robert Kennedy alikaa katika ofisi ile hadi Septemba 1964, na tathmini aliyoitaka ilifanyika ndani ya FBI yenyewe, ambayo bila ajabu ilijijibu kwamba kazi iendelee. Simu ya nyumbani kwa King ilisikilizwa hadi Aprili 1965. Ya ofisi ya Atlanta hadi Juni 1966. Kwangu mimi lawama ya Kennedy haiko kwenye siku aliyosaini pekee. Inakua kila mwezi ambao hakurudi kuuliza. Mwenye kalamu ya kufungua alikuwa pia na kalamu ya kufunga, na Hoover, pamoja na vitisho vyake vyote, hakuwahi kuwa bosi wa Mwanasheria Mkuu. Kwenye karatasi ilikuwa kinyume chake.

Hoover sasa. Kuanzia Januari 1964 watu wake hawakutosheka na simu, wakaanza kuficha vinasa sauti katika vyumba vya hoteli alimolala King, wakianzia hoteli ya Willard mjini Washington. Kwa hilo hawakumwomba mtu saini. Walitumia waraka wa 1954 wa Mwanasheria Mkuu wa zamani, Herbert Brownell, ulioachia FBI uamuzi wa vinasa sauti kwa jina la usalama wa taifa. Hapo ukomunisti ulishasahaulika; walichokuwa wakikitafuta ni mambo ya chumbani. Novemba 1964 Hoover alimwita King mwongo mkubwa kuliko wote nchini mbele ya waandishi wa kike, na siku chache baadaye msaidizi wake, William Sullivan, akamtuma kachero kwa ndege hadi Florida kuposti kifurushi: kanda, pamoja na barua isiyo na jina iliyompa King siku 34 za kufanya jambo moja. King na wenzake walielewa kwamba anaambiwa ajiue. Kifurushi kilifunguliwa na mkewe, Coretta.

Kuna kundi ambalo halitajwi sana, nami nataka nilitaje: waandishi wa habari. FBI ilikuwa ikizunguka na habari hizo kwa wahariri. Sifa yao ni kwamba hawakuzichapisha. Lakini pia hawakuandika kwamba taasisi ya dola inauza siri za kitandani za mshindi wa Nobel! Mkuu wa ofisi ya Washington ya jarida moja kubwa alikwenda kumweleza Nicholas Katzenbach, aliyekuwa akikaimu nafasi ya Robert Kennedy. Katzenbach na mwenzake Burke Marshall wakasafiri hadi Texas kumwarifu Rais Lyndon Johnson, aliyemrithi John Kennedy. Matokeo yake? FBI ilipelekewa ujumbe ijihadhari na mwandishi yule. Johnson hakuwa na haraka ya kuzima mashine. Agosti ya mwaka huo, kwenye mkutano mkuu wa chama chake Atlantic City, FBI ilikuwa imemsikiliza King hotelini na Ikulu ikapata taarifa za mipango yake ya kisiasa. Huyu ndiye Rais aliyesaini Sheria ya Haki za Kiraia Julai ya mwaka huo huo. Mtu mmoja, mikono miwili.

Katzenbach baadaye aliitwa mbele ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church, iliyochunguza mashirika ya upelelezi. Kulikuwa na hati tatu za kumwarifu kuhusu vinasa sauti vya hotelini, zenye herufi za jina lake. Alisema hakumbuki kuzisoma. Sisi tuliofanya kazi maofisini tunajua herufi zile huwekwa vipi: faili linapita, kalamu inapita, kila mmoja anaamini aliyetangulia ndiye aliyesoma.

Umma ulijuaje? Mei 1968, King akiwa ameshauawa na Robert Kennedy akigombea urais, gazeti lilifichua kwamba ndiye aliyeruhusu. Lakini ushahidi wa kiapo ulitoka mahakamani, kupitia mtu mnayemjua vizuri: Muhammad Ali. Juni 1969 mjini Houston, katika kesi yake ya kukataa kwenda jeshini, iligundulika kwamba maongezi yake yalinaswa alipozungumza na King, na kachero wa FBI akasimama kizimbani kueleza. Ali hakuwa mlengwa. Alipiga stori na rafiki, akaingia kwenye jalada. Na usiku wa Machi 8, 1971, dunia ikisikiliza pambano lake na Joe Frazier, raia wanane walivunja ofisi ndogo ya FBI katika mji wa Media, Pennsylvania, wakaondoka na mafaili. Walichagua usiku ule makusudi. Nyaraka zile ndizo zilizoanza kuifunua COINTELPRO, mpango wa FBI wa kuhujumu vikundi vya kisiasa.

Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ilisema serikali haiwezi kusikiliza raia kwa sababu za usalama wa ndani bila kibali cha hakimu. Mwaka 1978 ikaja FISA, sheria ya usikilizaji wa siri kwa ajili ya ujasusi wa nje, na mahakama yake ya siri ya kutoa vibali. Kanda za King zilifungiwa kwa amri ya mahakama ya 1977 kwa miaka 50.

Na adhabu? Kwa kumsikiliza King kwa siri, hakuna aliyeshtakiwa. Hoover alikufa kazini Mei 1972, na makao makuu ya FBI yaliyofunguliwa 1975, Kamati ya Church ikiwa katikati ya kazi, yakabeba jina lake. Wakubwa wawili wa FBI, Mark Felt na Edward Miller, walitiwa hatiani mwaka 1980 kwa kuruhusu uvunjaji wa nyumba za jamaa na marafiki wa wanamgambo wa Weather Underground, kundi la siasa kali za mrengo wa kushoto. Walipigwa faini. Rais Reagan akawasamehe mwaka 1981.

Naona mikono imeshanyooka upande wa kitivo cha sheria. Mnataka kumtetea Kennedy, au nimekosea? Karibuni, tuanze na ninyi.