Ndege wa Mida: kaa, maji yatakuletea

Karibuni watazamaji. Leo tuko hori la Mida, pale Watamu, kaunti ya Kilifi.

Kwanza, kabla hujafunga safari, muulize mvuvi maji yanajaa saa ngapi. Ukifika yamekupwa kabisa, ndege wako mbali huko topeni, utaona vitone tu. Mimi siku ya kwanza niliwafuata kwa miguu. Tope likanila ndara moja, na ndege wote wakaruka. Siku hizi nafika yakibaki masaa matatu hivi maji yajae, kwa sababu yakipanda huwasukuma kuja huku. Na usitegemee saa ya jana. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50.

Pili, kaa kando ya mikoko, jua likiwa mgongoni. Jezi nyekundu iache nyumbani. Darubini inayokuza mara 8 yatosha.

Sasa tulia, tazama miguu na midomo. Huyu yangeyange ana nyayo za manjano. Anatikisa mguu mmoja majini, visamaki vinashtuka, anadokoa. Yule sululu mdomo wake umepinda, anauingiza kwenye shimo la kaa kama ufunguo.

Lakini mimi huja kwa ajili ya hawa hapa: weupe, mgongo mweusi, mdomo mnene mweusi. Ni wala kaa. Mwangalie huyu: anakimbia, anasimama kimya, anakimbia tena... kamshika! Anampigapiga mpaka miguu inakatika, ndipo anammeza. Sasa sogeza darubini kidogo kushoto. Huyo wa kijivu ni kinda wa mwaka huu. Hawa hutagia pwani za Uarabuni na Ghuba, yai moja jeupe ndani ya shimo refu la mchanga. Kinda kavuka bahari yote hiyo na mzazi wake, kafika Mida, na bado anaomba kulishwa! Msikilize anavyolia.

Tatu, ndege akiacha kula na kuinua shingo, amekuona. Usiongeze hata hatua. Kaa chini, mpaka ainame tena.

Maji yakikaribia kujaa, wote watabanana kwenye fungu la mchanga la mwisho, mguu mmoja juu, nyuso kwenye upepo. Kuna wanaopiga makofi ili waruke, wapate picha. Usifanye hivyo. Wengine hapo wametoka Siberia, hayo ndiyo mapumziko yao mpaka maji yapwe.