Rejeta ya Shaba ya Kujiundia: Kazi Iko Kwenye Mapezi
Mhadhara kwa mafundi wa kompyuta, Kampala

Ndugu mafundi, wengi wakitaka kupoza kompyuta kwa maji hununua bomba la shaba kwa mafundi friji, hulizungusha kama springi, kisha huweka feni mbele. Haitoshi. Maji yenyewe hayasumbui. Yakipita lita 1 kwa dakika, wati 100 huyapandisha chini ya digrii 1.5 tu. Ugumu ni kulitoa joto hilo kwenye shaba liingie hewani. Na hapa tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo feni ileile hubeba joto pungufu.

Tupige hesabu ya rejeta ya feni moja ya milimita 120. Vipande vinne vya bomba la inchi 3/8, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 12 mbele ya feni, vina eneo la sentimita za mraba 143 hivi. Vikeni mapezi, yaani vibati vyembamba vya kutoa joto, 48 ya milimita 120 kwa 40, eneo linapita 4,000.

Mapezi hukatwa kwenye bati la shaba la milimita 0.3. Yabaneni yote pamoja katikati ya mbao mbili za plaiwudi, mtoboe rundo zima kwa mara moja, matundu manne yenye nafasi ya milimita 25. Ukitoboa moja moja hayatalingana, na bati litachanika. Ondoeni makali kwa msasa.

Utaratibu wa moto ndio unaowashinda wengi. Bendi mbili za U, yaani viungo vilivyopinda vya kuunganisha mabomba, zichomelewe kwanza kwa fito ya fedha, maana moto wake unapita digrii 600. Ndipo mvishe mapezi kutoka upande ulio wazi, kila milimita 2.5, mkiyashikilia kwa kitana cha mbao. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka karibu digrii 190, hivyo bendi ya tatu na midomo miwili ya kuvishia mipira ya maji mlehemu kwa hiyo hiyo, mapezi yakiwa yamefunikwa kitambaa kibichi. Fungueni madirisha.

Pezi linalogusa bomba tu bila kulehemiwa ni pambo: uwazi mwembamba wa hewa huzuia joto. Pakeni flaksi, yaani dawa ya kulehemia, pasheni bomba moto, lehemu ijivute yenyewe. Tazameni kila pezi hadi muone pete inayong'aa imezunguka bomba lote. Kisha osheni flaksi kwa maji ya moto na brashi, ikibaki itaila shaba.

Pimeni uvujaji kwa pampu ya baiskeli, pauni 15 kwa inchi ya mraba, rejeta ikiwa ndani ya beseni la maji. Kiputo kimoja, rudieni kiungo hicho. Jazeni maji yaliyotoneshwa, na msifunge kipoza prosesa cha alumini kwenye mfumo huu: ikikutana na shaba majini, alumini huliwa. Feni ikae milimita 30 kutoka kwenye mapezi, la sivyo sehemu iliyo mbele ya mota ya feni haipati upepo. Vumbi letu jekundu huziba nafasi hizi upesi, kwa hiyo lipulizeni kila mwezi, kinyume na upepo wa feni.